Siku ya Kwanza Iwe Nyepesi



Somo letu safari hii linawahusu ninyi mlio na watoto waliokwisha kuwa watu wazima lakini bado hawajaoa wala kuolewa. Linawahusu pia wasimamizi wa ndoa, wazazi wa ubatizo, shangazi na wajomba, na kila nyumba ambayo kijana huingia jioni na kusema, "Nina jambo nataka kuwauliza."

Jambo lenyewe siku hizi huwa hivi: kijana amempata mtu kwa simu. Hakumpata kanisani, wala sokoni, wala kwenye harusi ya binamu. Wamejuana katika kundi la WhatsApp, au kwenye Facebook, au katika zile programu za simu zilizotengenezwa kwa ajili ya kutafuta wachumba. Wameandikiana mwezi mmoja au miwili. Mmoja yuko Kitale, mwenzake yuko Bungoma. Sasa wanataka kuonana uso kwa uso kwa mara ya kwanza.

Je, mtamwambia nini?

Wazazi wengi hujibu kwa moja ya njia mbili. Wengine hukataa kabisa: "Mtu wa simu si mtu." Wengine hukimbilia mbele: "Mlete nyumbani tumwone." Majibu haya yaonekana kupingana, lakini matunda yake ni mamoja. Yote mawili huifanya siku ya kwanza kuwa nzito mno. Kijana aliyekatazwa atakwenda kwa siri. Naye aliyeambiwa amlete nyumbani atakwenda kwa siri kwanza, kwa maana hawezi kumsimamisha mbele ya baba yake mtu ambaye ameisikia sauti yake mara tatu tu. Na siri ndiyo hatari yenyewe.

Hii si hofu ya bure. Mnamo Januari 2024 Wakenya walishtushwa na mauaji ya wanawake vijana jijini Nairobi, mengine yakiwa yametokea katika nyumba za kukodi kwa siku chache. Tarehe 27 ya mwezi huo watu waliandamana Nairobi na katika miji mingine wakidai wanawake walindwe. Lakini tusiisingizie simu kila kitu. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2023 wanawake na wasichana wapatao 85,000 waliuawa kwa makusudi duniani, na katika kila 100, 60 waliuawa na mume, mpenzi au jamaa. Hao hawakuuawa na wageni. Kwa hiyo swali la kuuliza si kama mtu huyu ametoka kwenye simu au ametoka kijiji cha jirani. Swali ni kama binti yenu, au mvulana wenu, anaweza kumtazama mtu huyo kwa utulivu, akasema "hapana" ikibidi, akapanda gari akarudi nyumbani.

Ninyi wenyewe mlikutanaje?

Kabla ya kumshangaa mtoto, hebu mkumbuke. Wengi wenu mlioana katika miaka ya themanini na tisini mlianza kwa barua. Palikuwa na kurasa za marafiki wa kalamu magazetini, na mtu aliandika jina lake, umri wake, mambo anayoyapenda, na sanduku la posta la shule. Palikuwa na salamu za redio. Barua ya kutoka Kitale hadi Bungoma ilichukua siku kadhaa, na jibu likachukua siku nyingine, na pengine mwalimu wa zamu aliifungua kwanza! Picha ilikuwa moja, tena ya studio, na mtu alikuwa amevaa koti la kuazima. Hamkuwa mnajuana zaidi ya hawa wa leo. Kilichowalinda ni ule mwendo wa polepole, pamoja na watu wengi waliokuwa kati yenu: binamu aliyesoma naye, katekista aliyewajua wazazi wake, shangazi aliyetumwa kuulizia.

Simu imeuondoa mwendo wa polepole. Watu kati yao je, nao wameondoka? La. Wako bado, ila hawaitwi.

Tazameni pia Maandiko. Mtumishi wa Abrahamu alimkuta Rebeka kisimani jioni, saa ambayo wanawake hutoka kuteka maji. Yakobo alimkuta Raheli kisimani, wachungaji wengine wakiwapo. Musa naye alikutana na binti za kuhani wa Midiani kisimani, na mmoja wao, Sipora, akawa mke wake. Si ajabu hata kidogo. Kisima kilikuwa mahali pa wazi, kila mtu alikuwa na kazi yake pale, palikuwa na jambo la kufanya kwa mikono, na aliyetaka kuondoka aliinua mtungi wake akaenda zake. Basi mkitaka kumsaidia kijana kupanga siku ya kwanza, mtafutieni kisima.

Kwanza kubalianeni ninyi wawili

Hapa ndipo nyumba nyingi hukwama. Baba ana neno lake na mama ana neno lake, na mtoto huenda kwa yule mwenye neno jepesi zaidi. Baada ya hapo mama humficha baba. Siku mambo yakiharibika, ugomvi si wa kijana tena, ni wa wazee wenyewe.

Binti akisema, "Mama, kuna mtu ninaongea naye, yuko Bungoma," mama asiulize kwanza mshahara wa mtu huyo. Aseme, "Vema, mwanangu. Umefanya vizuri kuniambia. Baba yako nitamwambia mwenyewe au utamwambia wewe?" Hivyo anamwonyesha tangu mwanzo kwamba baba atajua. Baba naye akiambiwa, asiulize jioni ile ile juu ya ng'ombe wa mahari. Watu hawa bado hawajaonana! Mkienda kulala, zungumzeni ninyi wawili: tunamwamini kiasi gani? Tunaogopa nini hasa? Ni nani wa kwetu aliye karibu na Bungoma?

Kesho yake mmpe jibu moja. Jibu lenyewe laweza kuwa fupi: "Nenda. Lakini sisi tujue unakwenda wapi, unakutana na nani, na unarudi saa ngapi." Masharti matatu tu. Mkiyaongeza hadi kumi, hatayashika hata matatu.

Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake wa mwaka 1981 juu ya familia, Familiaris Consortio, alifundisha kwamba maandalizi ya ndoa yana hatua: ya mbali, ya karibu, na yale ya mwisho kabla ya harusi. Ile ya mbali huanza utotoni, nyumbani. Basi kijana anayeweza kumwambia mama yake, "Nimempata mtu kwa simu," amekwisha kuandaliwa kwa sehemu kubwa, nanyi ndio mliofanya kazi hiyo.

Neno la kwanza kwenye simu

Vijana wengi wanalalamika kwamba mazungumzo hufa mapema. Mtu huandika "Mambo." Mwenzake hujibu "Poa." "Umekula?" "Nimekula." "Uko wapi?" "Niko." Wiki nzima inapita hivyo, na hakuna aliyemjua mwenzake.

Ninyi mlioandikiana barua mna ujuzi hapa kuliko mnavyodhani. Mlikuwa na karatasi moja na stempu moja, basi mliandika jambo lenye jibu refu. Wanandoa waliohudhuria mapumziko ya Marriage Encounter, harakati iliyoanza Hispania na Padre Gabriel Calvo mwaka 1962, wanajua jambo hilo hilo kwa njia nyingine: unamwandikia mwenzako ulivyojisikia, ndipo mnazungumza. Mfundisheni kijana hivi: swali zuri la kwanza hutoka katika kitu ambacho mwenzako amekionyesha mwenyewe, na lina hadithi ndani yake.

Tuseme msichana wa Kitale ameweka picha amesimama shambani. Kijana wa Bungoma akiandika, "Uko mrembo," ameandika yale yale waliyoyaandika wengine ishirini. Lakini akiandika, "Hayo mahindi ni ya kwenu? Mwaka huu mlipanda 614 au mbegu nyingine?" mtu wa Trans Nzoia hawezi kukosa jibu. Kitale ndiko yaliko makao makuu ya Kenya Seed, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1956, na kuna nyumba zinazobishana juu ya mbegu kuliko juu ya siasa. Atajibu kwamba baba hushikilia mbegu yake ya zamani na kaka anataka mpya. Sasa tunajua ana baba, ana kaka, na nyumbani watu huruhusiwa kubishana. Hayo yote kwa swali moja la mahindi.

Baada ya swali, atoe na yeye kitu chake. Anayeuliza tu ni askari, na anayejieleza tu ni mgombea kura. Tena asitume ujumbe kumi kwa kuwa wa kwanza haujajibiwa. Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki mwaka 2025, alianzisha kipindi chake cha redio mwaka 1966 kwa swali ambalo kila Mkenya analijua: je, huu ni ungwana? Swali hilo hilo alitumie kijana kabla ya kubonyeza kutuma.

Yako mambo machache ambayo lazima yaulizwe kabla ya kuonana, na yaulizwe waziwazi, bila kuzungukazunguka. Una umri gani? Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inakataza ndoa ya mtu aliye chini ya miaka 18. Je, una mke, au mume, au mtu mnayeishi naye? Kwenu ni wapi, na ukoo wenu ni upi? Wengine watacheka juu ya swali la ukoo. Wasicheke. Mbukusu haoi katika ukoo wa baba yake wala katika ukoo wa mama yake, na wapo waliogundua jambo hilo siku ya kupeleka wazee, baada ya mwaka mzima wa mapenzi ya simu. Machozi yale yangeliepukwa kwa ujumbe mmoja wa Jumanne.

Na uthibitisho? Kijana apigiane na mwenzake simu ya video walau mara moja, ingawa siku hizi hata picha na sauti huweza kuigizwa kwa akili bandia. Wakenya wana njia zao nyingine. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 watu wamejifunza kutazama jina linalojitokeza unapotaka kutuma pesa, kuona kama linafanana na lile waliloambiwa. Njia hiyo husaidia, lakini wengi hutumia laini iliyosajiliwa kwa jina la ndugu, basi jina likitofautiana, aulize kabla ya kuhukumu. Njia bora zaidi ni ile ya zamani: "Parokia yenu ni ipi? Jumuiya yenu inaitwaje?" Mtu wa kweli hutaja majina. Kati ya Kitale na Bungoma ni vigumu sana kukosa mtu anayemjua mtu. Mkitaka kumpigia binamu aliyeko huko amuulizie, mwambieni mtoto kwanza. Upelelezi wa kisirisiri humfundisha kuficha.

Juu ya ndoa za kanisani kuna jambo ambalo si wote wanaolijua. Mkatoliki akifunga ndoa, habari hiyo huandikwa pia katika kitabu cha ubatizo cha parokia alikobatizwa. Kwa hiyo mambo yakifika mbali, cheti kipya cha ubatizo kitasema. Lakini hakitawaambia juu ya mtu anayeishi na mke wa nyumbani asiyefunga naye ndoa, na hao ni wengi. Kwa hilo hakuna kitabu, kuna majirani.

Picha za mwili ni jambo la kulisema mara moja na kulimaliza: asitume, na akitumiwa asisambaze. Kusambaza picha za siri za mtu ni kosa chini ya sheria ya makosa ya mitandao ya mwaka 2018, na mtu anaweza kufungwa.

Habari ya nauli

Hapa tukae kidogo, maana hapa ndipo urafiki mwingi wa simu huvunjika katika nchi yetu.

Mvulana yuko Kitale, msichana yuko Bungoma. Mvulana anasema, "Njoo." Msichana anasema, "Nitumie nauli." Nauli inatumwa. Msichana haji, na simu haishikwi tena. Vijana wana jina la mchezo huu, kula nauli, na wanausimulia kwa kicheko. Wengine huufanya kama kazi. Mvulana aliyeliwa nauli mara mbili huwa na uchungu kwa wasichana wote, hata kwa yule wa tatu aliye mwaminifu.

Lakini tazameni upande wa pili, ambao hauchekwi. Nauli inatumwa, na msichana anakuja. Sasa yuko mji wa watu, amefika kwa pesa za mwingine, na nauli ya kurudi iko katika mfuko wa mwingine. Mvulana, hata akiwa si mbaya, moyoni mwake anahesabu: nimegharamika. Msichana naye anahesabu: nitamwambiaje kwamba nataka kwenda? Jua linashuka, magari yanapungua, na mvulana anasema kwamba kwake si mbali. Hapo "hapana" imekuwa neno zito kuliko uwezo wake. Hakuna aliyepanga ubaya, labda. Nauli ndiyo iliyopanga.

Kwa hiyo wapeni vijana kanuni hii, wa kiume na wa kike sawasawa: siku ya kwanza kila mtu aje kwa nauli yake, na nauli ya kurudi iwe mfukoni kabla ya kutoka nyumbani. Kama binti hana, mmpe ninyi wazazi. Ni pesa kidogo kuliko mnazotoa kwenye harambee ya mtu msiyemjua. Kama hamna, safari ingoje mwisho wa mwezi. Mtu anayekupenda hatakufa kwa kungoja wiki mbili.

Tena hakuna sababu ya mmoja kusafiri njia nzima. Barabara ya kutoka Kitale hupita Kiminini, Kamukuywa na Misikhu hadi Webuye, na kutoka Bungoma hadi Webuye ni karibu zaidi. Wengine hupitia Kimilili na Chwele. Wakikutana katikati, hakuna aliye mwenyeji wala mgeni. Wa Bungoma atakuwa na safari fupi ya kwenda Webuye, basi na yeye alipie chai!

Mahali na saa

Asubuhi ni bora kuliko alasiri. Wanaoishi Kitale wanajua kwamba msimu wa mvua huweza kuanza asubuhi kwa jua kali na kumalizika alasiri kwa mvua ya mawe, na mvua ni kisingizio kikubwa cha kuingia chumbani mwa mtu. Wakutane saa nne, waachane saa saba. Saa tatu zinatosha kabisa. Wakipendana watakuwa na hamu ya siku nyingine, na wasipopendana hakuna aliyepoteza siku nzima.

Mahali pawe na watu, pawe na kitu cha kutazama, pasiwe na gharama kubwa. Kwa upande wa Kitale, Makumbusho ya Kitale yanafaa sana. Yalifunguliwa mjini mwaka 1974, na chanzo chake ni mkusanyiko wa Mwingereza mmoja aliyeishi huko, Hugh Stoneham. Kuna vitu vya kale, kuna wanyama, kuna wahudumu na watoto wa shule wanaopitapita. Watu wawili wanaoona aibu kutazamana hutazama nyoka pamoja, na maneno huja yenyewe. Kuna pia njia ya kutembea msituni, lakini hiyo waiache kwa siku nyingine wakijuana zaidi.

Mbuga ndogo ya Saiwa, iliyo safari fupi kutoka Kitale, nayo ilianzishwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, yule swala wa majimajini. Ni ya kutembea kwa miguu, tena imetulia. Kwa sababu hiyo hiyo haifai siku ya kwanza, bali siku ya tatu, wakiwa na marafiki. (Na ninyi wawili, mliwahi kwenda? Au mmeishi miaka ishirini karibu na mbuga ambayo wageni huitafuta kutoka Ulaya?) Maporomoko ya Nabuyole huko Webuye ni mazuri kwa macho, lakini mawe huteleza na watu hutawanyika. Yangoje pia.

Huko Bungoma mjini, hoteli ya kawaida yenye chai na chapati, meza ya karibu na dirisha, yatosha. Siku ya mechi katika uwanja wa Masinde Muliro huko Kanduyi si mbaya, maana mpira huwapa watu la kusema, ila kelele ni nyingi. Hoteli yenye vyumba vya kulala juu isiwe mahali pa kukutania. Nyumba ya mtu, isiwe. "Rafiki yangu ana nyumba ya kukodi kwa siku," isiwe kabisa.

Na kuhusu tarehe: waangalie kalenda ya watu wao. Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, Bungoma huwa katika tohara, na kijana wa Kibukusu atakuwa na usingizi wa saa mbili na wageni hamsini. Mwezi wa kuvuna mahindi, msichana wa Trans Nzoia hatatulia. Januari kila mtu anafikiri karo. Siku ya kawaida kabisa, isiyo na sherehe, ndiyo inayoonyesha mtu alivyo.

Wazazi wengine hushauri wakutane kanisani Dominika baada ya Misa. Nia ni njema, lakini fikirieni: kabla hawajafika getini, mwenyekiti wa jumuiya, mama wa CWA na kwaya nzima wamekwisha kumwona mgeni na kuuliza harusi ni lini. Mzigo umerudi mabegani mwao. Huko wataenda baadaye, wakijua wanachokwenda kukisema.

Wakiwa mezani

Siku ya kwanza si usaili wa kazi. Mtoto asiende na orodha ya maswali ya shamba, mshahara na idadi ya watoto anaotaka. Yale ya lazima yalikwisha kuulizwa kwa simu. Mezani aulize yaliyo madogo: nani alikufundisha kupika? Ni kazi gani ya nyumbani uliyoichukia ulipokuwa mdogo? Ukiwa na siku moja bila kazi unafanya nini? Kisha anyamaze asikilize hadi mwisho. Simu zilizowakutanisha zikae mfukoni.

Zaidi ya maneno, atazame. Anamwitaje yule anayeleta chai? Anamkasirikia akichelewa? Akiambiwa, "Saa saba naondoka," anasemaje? Swali hili la mwisho lina uzito kuliko yote. Mtu anayesema, "Vema, nikusindikize stendi," ameonyesha jambo. Na mtu anayeanza kubembeleza, kununa, au kukumbusha alivyotumia pesa, naye ameonyesha jambo. Binti asiposikia furaha moyoni, hana haja ya kueleza sababu. Aseme asante, apande gari.

Kijana awe na neno la siri na ndugu yake nyumbani. Akituma ujumbe, kwa mfano, "Yule ng'ombe amepona?" ndugu ampigie mara moja aseme anahitajika nyumbani.

Akirudi, msimpokee mlangoni kwa maswali. Mpeni chakula. Baba aulize habari ya barabara. Kama ana neno atalisema, na mara nyingi atalisema kwa shangazi, yule ambaye Wabukusu humwita senge, kabla ya kuwaambia ninyi. Msione wivu. Shangazi ana kazi hiyo tangu zamani. Akisema, "Hakuwa mtu wa kwangu," msimwambie kwamba anachagua sana. Akisema, "Tutaonana tena," msianze kuhesabu viti vya harusi. Mkutano wa pili na wa tatu ni wao. Wa nne au wa tano, mwambieni kwamba mlango u wazi na chai ipo.

Neno kwa wajane na wagane, maana nao wapo katika jumuiya zenu na nao hutumia simu. Mjane wa miaka hamsini mwenye shamba na pensheni ya marehemu ni windo la matapeli kuliko msichana wa miaka ishirini, na huona aibu kuwaambia watoto wake. Yeye naye anahitaji nyumba moja ya kuingia jioni na kusema ana jambo. Kanuni za nauli, mchana na mahali pa watu ni zile zile. Moja inaongezeka: asitoe wala asikopeshe pesa kwa mtu ambaye hajamwona nyumbani kwake, hata kama mtu huyo ana mgonjwa hospitalini, mzigo bandarini, au zote mbili kwa wiki moja.

Maswali ya kujadiliana ninyi wawili jioni

Je, watoto wenu wanajua jinsi mlivyokutana, kwa ukweli wake wote, pamoja na yale ya kuchekesha?

Mtoto wenu akitaka kuwaambia jambo la moyo, humwendea nani kati yenu, na kwa nini?

Kama binti yenu angepaswa kurudi nyumbani ghafla kutoka Bungoma usiku wa leo, angempigia nani? Je, mtu huyo ana pesa za kumtumia?

Ni lini ninyi wawili mlikaa mezani mahali fulani, chai mbili, simu mfukoni, bila kuzungumza juu ya karo? Pangeni siku moja mwezi huu. Saa nne hadi saa saba.